Alama Mbili kwa Picha ya Ishirini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi ya jopo leo, na mvua nayo imeanza leo hii hii, utadhani tuliandikiwa barua moja. Ofisi ya vifaa vya kufundishia iko ghorofa ya pili. Chumba tulichopewa kina meza ndefu, viti sita ambavyo viwili havikaliki, na kabati la chuma. Ndani ya kabati mna picha arobaini za wanawake wa makabila mbalimbali, zilizopigwa miaka arobaini iliyopita. Sisi tunatakiwa kusema zipi zina thamani ya kielimu ziingie kwenye kitabu kipya cha darasa la nne, na zipi hazina.

Tuko watatu. Mwenyekiti ni mkaguzi mstaafu wa shule, mzee wa tai na kalamu mbili mfukoni. Wa pili ni mchoraji anayepanga kurasa za vitabu, mwenye ndevu na mdomo usiotulia. Wa tatu ni mimi, mwalimu wa maarifa ya jamii kwa miaka ishirini na miwili. Barua ya uteuzi inasema nimechaguliwa kwa sababu nasahihisha bila upendeleo na mkono wangu hautetemeki. Nimeisoma mara tatu kwa sauti. Baba watoto amesema nikiisoma ya nne atahamia kwa jirani.

Jumanne, 4 Machi

Utaratibu ni huu. Mkaguzi ananyanyua picha, anasoma maelezo yaliyoandikwa nyuma, kisha kila mtu anaandika alama yake kwa kumi bila kumwonyesha mwenzake. Tunaangalia uwazi wa picha, mavazi na mapambo, utulivu wa uso, na kama mtoto atajifunza kitu. Mkaguzi anatafuta wastani. Ikipata chini ya tano inapigwa mhuri wa HAIFAI papo hapo, usoni pa picha, isije ikarudi kabatini kwa mlango wa nyuma. Kazi ikiisha, zote zilizofeli zitapitishwa kwenye mashine ya kuchana karatasi. Ukiacha chache zilizochapwa kwenye chati za shule, hazina nakala, filamu zake zilioza zamani.

Mhuri ninao mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa karibu na wino.

Halafu kuna siri. Mtu yeyote asiye wa jopo haruhusiwi kuziona picha hizi mpaka kitabu kitoke. Hata Mama Chai, mama wa makamo anayetupikia chai, haingii. Anagonga, anaacha sinia nje ya mlango, anaondoka. Tunasikia kandambili zake tu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekutana na rafiki wa zamani! Picha ya kumi na mbili, "Mwanamke wa nyanda za juu." Ndiyo ile ile iliyo kwenye chati ya ukutani darasani kwangu. Shingo imezungushiwa shanga mpaka kidevuni, macho yanatazama mbali, mdomo umefungwa. Kila mwaka nimemnyooshea rula na kuwaambia wanafunzi: tazameni utulivu wa watu wa milimani. Kila mwaka kwenye mtihani nimeuliza ni wa wapi, na aliyejibu vingine nimemkata.

Nimempa tisa. Kumi huwa simpi mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Picha saba. Maandazi yalikuwa magumu, Mchoraji amependekeza tuyapige mhuri.

Jumatano, 12 Machi

Picha ya ishirini na saba imetuchekesha. Msichana hana shanga hata moja, amevaa gauni la kawaida lililopauka, na anacheka. Si kutabasamu, anacheka mpaka meno yote ya mbele yanaonekana. Maelezo ya nyuma: "Mwanamke. Kabila halijulikani." Nikaandika kwenye fomu: *Hana pambo. Hakujitayarisha. Picha ya kielimu haihitaji meno. Mwanafunzi hatajifunza chochote.* Nikampa mbili. Mkaguzi alimpa tatu. Mchoraji alimpa saba, eti huyu ndiye pekee anayeweza kukaa naye meza moja wakazungumza. Nikamwambia hatukuitwa hapa kumtafutia mchumba.

Wastani ni nne. Mhuri ulikuwa na wino mwingi, ukamshika kwenye paji la uso.

Jumanne, 18 Machi

Nimeshtuka leo, na mpaka sasa sijatulia.

Nilikuwa naitazama tena picha ya tano kwa kioo cha kukuzia. "Mwanamke wa wafugaji," ngozi begani. Katikati ya shanga zake kuna kitu cha mviringo chenye matundu manne. Ni kifungo cha shati. Kimetungwa pale ambapo ushanga mmoja ulipotea. Nikasema sawa, mtu na ubunifu wake. Kisha nikaichukua ya kumi na mbili, mwanamke wangu wa nyanda za juu. Shanga zile zile, kifungo kile kile. Nikaichukua ya thelathini na tatu, "Mwanamke wa ziwani," kikapu kichwani. Kifungo kile kile!

Nikamwonyesha Mkaguzi. Hakuchukua hata kioo. "Mwalimu, wanawake huazimana vitu."

"Kutoka ziwani mpaka milimani, mzee?"

"Basi walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana," akasema Mchoraji, na wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 21 Machi

Dari limeanza kuvuja juu ya kabati. Tumeweka ndoo. Tumeandika barua. Ndoo imefika haraka kuliko majibu.

Jumatatu, 31 Machi

Mkono wangu unatetemeka. Mkono ule ule uliosifiwa kwenye barua.

Asubuhi tulifungua chumba tukakuta kipande cha dari kimelala mezani na maji yanachuruzika mpaka ndani ya kabati. Mkaguzi alikuwa amepiga simu kwamba njia ya kwake haipitiki. Picha zilikuwa zimelowa. Mchoraji akasema zikiachwa kwa lundo zitagandana, zianikwe mara moja, na mahali pakavu penye joto ni pamoja tu: jikoni kwa Mama Chai, mwisho wa ujia. Siri ya jopo ikafia hapo.

Mama Chai hakuuliza maswali. Alifunga kamba tatu kutoka komeo la dirisha mpaka msumari wa kalenda, akatoa vibanio vyake vya nguo, tukaanza kuwaanika wale wanawake juu ya masufuria. Mchoraji alikuwa anarudi chumbani kuokoa fomu. Mimi nampa picha, mama anabana. Nampa, anabana. Mara nikamsikia anacheka chinichini.

"Vipi, mama?"

"Mwalimu, huyu si mimi huyu?"

Alikuwa ameshika ya kumi na mbili. Nilimtabasamia kama ninavyomtabasamia mtoto aliyejibu vibaya kwa kujiamini. "Kweli mmefanana."

"Hatujafanana. Ndiyo mimi. Na yule kule mwenye ngozi ni mimi. Na yule wa kikapu ni mimi pia, siku hiyo jino lilikuwa linaniuma, ndiyo maana shavu limevimba. Liangalie."

Nikaliangalia. Shavu limevimba kweli. Picha hiyo nayo imo kwenye chati ya darasani kwangu, na miaka yote nilidhani ni umbo la watu wa ziwani. Nimewahi hata kulieleza hivyo darasani.

Nilipigwa na butwaa. Nikamtazama mama, nikaitazama picha, nikamtazama tena. Paji lile lile. Macho yale yale. Shingo imezeeka lakini ni ile ile. Miaka ishirini na miwili nimemnyooshea rula mama huyu usoni. Wiki nne ananipikia chai, na sikumjua. Niliketi juu ya debe la maji bila kuangalia kama lina mfuniko. Halikuwa nao.

Baada ya kunicheka kidogo alinisimulia. Yeye na dada yake walikuwa wanasafisha sakafu kwenye studio moja ya picha. Alikuja mpiga picha na karani wa serikali, wana sanduku la mapambo, wanatakiwa kuzunguka nchi nzima. Mvua kama hii ikakata barabara. Wakasubiri wiki, wakasubiri mbili, kisha wakafungua sanduku hapo hapo studio. Walichukua yeyote aliyekuwa karibu: wafua nguo, wauza mboga, wake za walinzi. Wanavalishwa, wanaambiwa wasicheke, wapigwe picha, wavuliwe, avalishwe mwingine.

"Na kifungo?" nikauliza, maana sikujua niulize nini.

"Umekiona!" Akapiga kofi. "Uzi ulikatika, ushanga mmoja ukaingia chini ya kabati. Dada akang'oa kifungo kwenye shati la karani lililokuwa limeangikwa. Karani alishinda kutwa nzima tumbo wazi bila kujua."

Tukacheka wote wawili. Mimi nimelowa, yeye amejishika mbavu. Halafu akachukua picha iliyofuata kutoka mkononi mwangu ili aibane, na kicheko kikamkatika.

Ilikuwa ya ishirini na saba.

Hakuibana. Aliisogeza dirishani. Akapitisha kidole juu ya mhuri polepole, kama anayefuta vumbi.

"Huyu ndiye dada," akasema. "Siku ya mwisho alikataa kuvaa. Aliwaambia, kama mnataka picha yangu nipigeni mimi. Mpiga picha akacheka, dada naye akacheka, ndipo ikapigwa." Akaisogeza zaidi kwenye mwanga. "Sikujua kama waliitunza. Mwaka uliofuata alifariki akijifungua. Mtoto nimemlea mimi. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wake wawili, na hajawahi kuiona sura ya mama yake. Hatukuwa na picha nyingine. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiuliza, mama alikuwaje? Namwambia alikuwa mzuri. Ananiuliza, mzuri vipi? Ningemwambia nini?"

Nilimshikia kibanio, hakukichukua.

"Na huu wino, mwalimu?"

"Ni mhuri. Maana yake haitaingia kitabuni."

"Itakwenda wapi?"

"Itachanwa, mama. Na zingine zilizofeli."

"Nani aliyeipiga mhuri?"

Nikasema: "Jopo."

Nilisema hivyo. Mhuri ulikuwa mfukoni mwa koti langu, naugusa kwa vidole, na nikasema jopo.

Jumanne, 1 Aprili

Sijaenda kazini. Nimesingizia mafua. Baba watoto amenisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu: "Sasa hao watoto uliowakata mtihani?" Nimemwambia anyamaze. Amenyamaza, na hiyo imekuwa mbaya zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Chumba bado kimelowa, tumekaa jikoni. Picha zimekauka. Nimemweleza Mkaguzi mbele ya Mchoraji: picha zimetungwa, watu wametungwa, maelezo ya nyuma ni uongo. Nilitegemea ashtuke. Nilitamani sana ashtuke.

Alikoroga chai yake. "Mwalimu, unadhani sijui? Karani alikuwa ni mimi."

Mchoraji aliacha kutafuna.

"Barabara zilikatika," Mkaguzi akaendelea, sauti ya ripoti kabisa. "Vitabu vinasubiriwa, wizara inapiga simu kila siku. Tungefanyaje? Tukatumia tuliokuwa nao. Maelezo niliandika mimi mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Na miaka arobaini hakuna aliyelalamika. Mtoto wa darasa la nne atajuaje?"

"Atajua nilichomfundisha mimi!" Nilipiga kelele mpaka vikombe vikalia. "Na mimi nilifundishwa na maelezo yako!"

"Usipandishe sauti. Hakuna aliyeumia."

"Waliopigwa picha je?"

"Ah, wale." Akaegemea kiti, na ghafla uso wake ukalainika kama wa mtu anayekumbuka ujana. "Walikuwepo wasichana wawili wa usafi pale studio, ndugu. Watundu hao! Siku moja kifungo cha shati langu kilipotea, nimekitafuta hata chini ya zulia. Sijui waliishia wapi wale."

Mama Chai alikuwa amesimama begani kwake na kopo la sukari. Nilimtazama, naye akanitazama. Akaweka sukari kwenye kikombe cha Mkaguzi, vijiko viwili, kama kila siku.

"Mmoja anakuwekea sukari, mzee," nikasema.

Mkaguzi aligeuza shingo. Mama Chai akamwambia kwa adabu kabisa: "Kifungo chako tulikitunga kwenye shanga, karani. Utusamehe."

Sijawahi kuona mtu mzima akikosa pa kuweka macho namna ile. Alitazama picha kwenye kamba, akatazama kikombe, akatazama vifungo vya shati lake. Mama huyu amempikia chai miaka sita, kwenye kila kikao cha ofisi hii. Chai ikapoa mbele yake.

Nikadhani tumeshinda. Nikaomba picha ya ishirini na saba itolewe kwenye lundo apewe mwenyewe. Mkaguzi akafuta kinywa, akasema kwa sauti ndogo kwamba matokeo yalishasomwa na fomu zimesainiwa. Zilizofeli ni kumi na nne. Siku ya kuchana mtu wa stoo atahesabu kumi na nne, na zikipungua wa kwanza kupoteza kazi ni Mama Chai, maana picha zimelala jikoni kwake.

Nimeshtuka kuliko siku zote. Si kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa anaogopa hesabu kuliko alivyoona aibu, na nilimwelewa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Fomu ile nimeiomba niisome tena. *Mwanafunzi hatajifunza chochote.* Mwandiko wangu mzuri, na nukta mwishoni.

Jumatatu, 7 Aprili

Mchoraji amesema atasaini ripoti, ana watu nyumbani wanaomtegemea. Mimi nimekataa. Saini mbili zinatosha, kwa hiyo kitabu kitakwenda na wanawake wake wa kutungwa. Nimeandika barua yangu ya kupinga, kurasa tano. Mkaguzi ameipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwenye faili ambalo sijawahi kuliona likifunguliwa.

Jumanne, 8 Aprili

Leo zimechanwa.

Mashine iliwekwa jikoni kwa sababu ya umeme. Mtu wa stoo alikaa na karatasi yake. Mkaguzi alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Mama Chai alikuwa anaosha vikombe ambavyo vilikwisha osheka. Mkaguzi alipofika kumi na tatu, chini ikabaki moja, na sote wanne tulijua ni ipi.

Nilisimama. Nikaenda kwenye lundo la zilizofaulu nikaitoa ya kumi na mbili, mwanamke wangu wa nyanda za juu, wa alama tisa. Nikamwendea Mama Chai.

"Mama, hii naruhusiwa?"

Aliitazama kidogo. "Ichane, mwalimu. Huyo si mimi. Zile shanga ziliniumiza shingo siku tatu."

Nikapiga mhuri. HAIFAI. Nikaiingiza kwenye mashine kwa mkono wangu. Ilianza shingo, kikafuata kifungo kwa mlio mkali, utadhani ni cha kweli. "Kumi na nne," nikasema. Ile ya ishirini na saba nikaiweka ndani ya daftari langu, mbele ya macho ya wote.

Mtu wa stoo akahesabu: zilizochanwa kumi na nne, zilizofaulu ishirini na tano. "Jumla ni thelathini na tisa. Hapa pameandikwa arobaini."

Mkaguzi alichomoa kalamu moja mfukoni, akaivuta karatasi, akakata arobaini na kuandika thelathini na tisa. "Nilikosea kuhesabu," akasema. "Tangu mwanzo."

Aliondoka bila kuaga. Chai yake aliimaliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimejaribu kuufuta mhuri kwa pamba yenye maji. Nywele za dada zikaanza kutoka pamoja na wino. Nimeacha.

Jumapili, 13 Aprili

Jua limetoka, la kwanza baada ya wiki sita. Nimekwenda nyumbani kwa Mama Chai. Chumba na sebule, viti vimefunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Binti wa marehemu alikuwa ameitwa bila kuambiwa kwa nini. Ni fundi cherehani, wa umri wangu au anakaribia, na amekuja na pini zimechomekwa kwenye ukosi. Alinikaribisha vizuri, akanitania kuhusu viatu vyangu vya matope, na kila alipocheka alizibia mdomo kwa kiganja. Niliona lakini sikufikiri.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Ikanipotea yote. Nikatoa bahasha nikampa.

Aliishika picha kwa muda mrefu. Alianza kuuliza ni nani, akamtazama mama yake mdogo, hakumaliza swali. Mama Chai akaitikia kwa kichwa: ndiye. Nje watoto walikuwa wanarukaruka kwenye madimbwi na hakuna aliyewakataza.

"Ana mwanya," binti akasema.

Mama Chai akasogea. "Ee?"

"Mama ana mwanya. Hapa mbele. Huoni?" Akaligusa jino lake mwenyewe kwa kidole, taratibu. "Shuleni walinicheka mpaka nikajifunza kuziba. Nilijua nimeupata kwa baba."

"Ulikuwa wa dada," Mama Chai akasema. "Nilisahau. Mungu wangu, nilisahau kukuambia."

Ndipo macho ya binti yakapanda kwenye paji la uso, kwenye ile rangi ya zambarau. "Na hii?"

"Ni mimi," nikasema. Nikamgeukia na mama yake mdogo. "Haikuwa jopo, mama. Ni mimi niliyeupiga mhuri. Nilimpa mbili kwa kumi, kwa sababu alikuwa anacheka na meno yanaonekana."

Walinitazama wote wawili. Nilisubiri kufukuzwa, na ningekwenda.

"Mbili kwa kumi," akasema binti polepole. Akaitazama picha tena, akamtazama mama yake mdogo, kisha kitu kikamshinda. Alicheka, mabega yakatikisika, pini zikadondoka sakafuni, machozi yanashuka. Picha ilikuwa mikononi mwake, ameishika pande zote mbili, na hakuziba mdomo.